Moto wa Kwanza Niliwasha Mimi

Jumamosi, 6 Septemba 1986

Uji tena. Sufuria ile ile, mbebaji yule yule. Kutoka jikoni kwa dada mpaka barazani kwa duka la ushirika bila kutua chini. Vijana wanabebaga wawili kwa kusaidiana na bado wanapumzika njiani. Mimi peke yangu. Goti limevimba, lakini hilo ni shauri la goti.

Sukari hakuna. Tumetia chumvi. Wa barazani wamekunywa bila neno. Kuna wapagazi wa mwaloni, kule mitumbwi ya samaki inapofikia, wasio na pa kulala, mama mmoja na watoto wake, na Bibi Nyakwesi. Duka lilifungwa bidhaa zilipokwisha, limebaki baraza na bati juu. Ndiyo nyumba yao.

Bibi Nyakwesi anakaaga pembeni na chungu chake cheusi. Kitupu. Hataki kumiminiwa kwenye kikombe chetu. Anataka uji uingie kwenye chungu chake, halafu anauchota mwenyewe na kata. Vijana wanasema ana maringo. Na mimi naona ni maringo. Ila hayanichukizi.

Nimechoka. Mpwa wangu Nyamboge ndiye kiongozi wa vijana kwenye kikundi hiki cha uji cha kanisani. Amemaliza kidato cha nne, kazi hana, basi kazi yake ni kutuamsha watu wazima kila Jumamosi. Tunamfuata. Dunia imegeuka.

Jumapili, 7 Septemba

Tangazo baada ya ibada. Duka la ushirika limepangishwa kwa mfanyabiashara binafsi. Siku hizi ruksa. Ataleta sabuni, mafuta, mitumba. Watu wakashangilia mle mle kanisani. Halafu Katekista Daudi akamalizia: baraza liwe tupu, waliomo wahame, ikifika mwisho wa Oktoba.

Wapagazi watarudi mwaloni. Mama na watoto wamepata ndugu Kabasa, huko Bunda. Bibi Nyakwesi hana mtu. Mumewe alifariki, mabinti zake walifariki, shemeji zake wakamtoa kwenye mji wake, nyumba na shamba, kule Buswahili. Na mwisho wa Oktoba ndiyo mvua. Anakohoa sasa hivi kwenye jua kali. Kwenye mvua hatufiki naye Krismasi. Kila mtu alijua hivyo na hakuna aliyesema.

Kikao. Nyamboge akasema tumjengee. Nani anajua kujenga? Kimya. Sikukipenda kile kimya. Nikasimama. Nikawaeleza ile nyumba niliyojenga Bunda, ya yule bwana wa pamba, jinsi fundi wa Kihindi alivyokuja kuitazama, akaizunguka, akavua kofia, akauliza nimesomea chuo gani. Nikawaeleza kwamba mila zote za nyumba za upande huu wa ziwa, kuanzia Kisorya mpaka Tarime, ninazo kichwani. Mlango unatazama wapi. Nguzo ya kwanza anachimbia nani. Usinidanganye mimi kwa mila. Wakapiga makofi.

Sasa mimi ni fundi mkuu.

Jumanne, 9 Septemba

Kichwa kinauma. Nafikiria udongo siku nzima.

Ile nyumba ya Bunda mimi nilikuwa nachota maji. Lakini bila maji hakuna udongo, na bila udongo hakuna ukuta. Kwa hiyo niliijenga. Na kofia yule fundi aliivua kweli. Kulikuwa na joto.

Jumamosi, 13 Septemba

Kazi imeanza. Kiwanja ametoa dada Nyangeta, kona ya shamba lake la muhogo kule Bweri. Dada ana roho nzuri kuliko mdomo wake. Kaniambia mbele ya watu wote, "Bwire, ukiharibu hapa usirudi kwangu." Wakacheka. Naishi kwake, stoo ya nyuma, na magunia ya mkaa. Kwa muda tu. Tangu mwaka wa vita.

Miti imetoka upande wa Butiama kwa lori la mtu aliyetuonea huruma. Vijana wanataka nyumba ya pembe nne kama za mjini. Wazee wanataka ya mviringo. Wamebishana mpaka jua likawa utosini, halafu wote wakanigeukia mimi. Nikasema pembe nne, kwa sauti nzito. Sababu sikutoa. Sababu ni kwamba ya mviringo sijui inaanziwa wapi.

Kuna kijana anaitwa Masatu, mrefu, anauzaga mitumba begani, mdomo haufungi. Niliposimika nguzo ya kwanza akaizunguka, akainamisha kichwa. "Mjomba, hii nguzo imetoka kilabuni?" Nikamwambia nimeiegemeza makusudi, upepo wa ziwa ukija utainyoosha. Akaamini nusu.

Jumatano, 17 Septemba

Mikono imechubuka yote. Nimelala mchana kama mgonjwa. Dada amepita mlangoni mara nyingi bila kusema kitu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Jumamosi, 20 Septemba

Kukandika. Kina mama na wasichana wamekanyaga udongo mpaka magotini wakiimba. Vijana wanakanda, watu wazima tunapiga ukutani. Nilionyesha jinsi donge linavyopigwa likashika. La kwangu likaanguka. Nikasema hivyo ndivyo lisivyotakiwa. La pili likashika.

Nyamboge alimleta Bibi Nyakwesi aone. Hakusogea karibu. Alisimama kwenye muhogo, kaegemea fimbo, akauliza mlango utakuwa upande gani. Nikamwonyesha. "Sawa." Mafiga yatakaa wapi? Nikamwonyesha pembe. "Sawa." Akaondoka zake.

Sijaona mtu anajengewa bure na anakagua kama bwana afya. Imenikera. Halafu njiani nikawa nafurahi peke yangu. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 25 Septemba

Nyasi hakuna. Tumeahidiwa za kutoka Bunda, mwenye lori anasema dizeli hakuna. Kila nikienda kumwona amelala chini ya lori lake. Lori zima kama kitanda.

Mabati yapo. Yamepangwa barabarani yanang'aa mpaka macho yanauma. Miaka ile ya shida tulikuwa tunatafuta hata msumari kwa kibali. Sasa vitu vimejaa na sisi tunavitazama.

Mfanyabiashara kapaka mlango wa duka rangi ya bluu. Leo alimwaga maji barazani. Bibi akahamisha gunia lake, maji yakakauka, akalirudisha. Nilikuwa napita. Nikajifanya sikuona. Sina raha.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nyasi zimefika. Nimepanda paani mimi mwenyewe, na umri huu. Masatu chini anarusha matita, mimi juu nafunga. Nikiwa kule juu niliona ziwa lote. Niliona Ukerewe. Niliona watu wanashuka kivuko cha Kisorya, mmoja kavaa shati jekundu.

"Lina vifungo vingapi, Mjomba?" Masatu akauliza.

Watoto wa siku hizi hawana adabu. Nilicheka mpaka fito ikakatika.

Tumemaliza upande mmoja tu. Goti sasa linalia likikunjwa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Paa limekwisha. Nyumba imesimama. Nguzo yangu bado imeegemea, lakini imesimama. Niliizunguka. Ningekuwa na kofia ningeivua.

Kina mama wameleta mafiga matatu mazuri, meusi, kutoka kandokando ya ziwa, wakayapanga kwenye pembe ile aliyokubali Bibi. Kesho ndiyo anahamia.

Mchana ikaja mvua, ya kwanza msimu huu. Sote tukakimbilia ndani, wazee na vijana, tumelowa, tunatetemeka, tunacheka. Haikuvuja. Sawa, ilivuja kidogo. Masatu alikuwa na furu na sato wawili kwenye mfuko. Kuni zilikuwepo, za mabaki ya fito. Kiberiti kilikuwa kwangu, mfukoni, ndani ya nailoni. Mimi kiberiti changu hakiloi, nimevuka ziwa nacho. Nikawasha. Moto ukashika mara moja, kwenye yale mafiga. Tukachoma samaki. Nikawapa habari ya yule sangara aliyenivuta na mtumbwi kutoka Mwigobero mpaka karibu na Kenya, nikaikata kamba kwa kuwa sikuwa na pasipoti. Katekista alicheka mpaka akalia machozi. Nyamboge kaniegemea bega. Dada Nyangeta mwenyewe alikula.

Mikono inauma yote. Lakini leo ni siku nzuri. Naandika hivyo: siku nzuri.

Jumapili, 12 Oktoba

Mbaya. Mbaya kabisa.

Tulimleta Bibi baada ya ibada kwa nyimbo. Vijana wamebeba mkeka na blanketi. Chungu chake kabeba mwenyewe. Kumbe chungu hakikuwa kitupu. Alikuwa ametia jivu kidogo na makaa mawili ya moto aliyoomba kwa mama ntilie, amefunika kwa kigae. Alivaa kitenge safi. Kafika mlangoni. Kasimama. Katazama mafiga, katazama jivu letu na miiba ya samaki.

"Nani amekula humu?"

Wengine wakafikiri anauliza kwa utani. Mimi nikajitokeza mbele, nikasema moto niliwasha mimi, Bibi, na ulishika mara moja, dalili njema.

Akanitazama. Hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. Akasema, "Hongera kwa mji wako, baba." Akageuka na chungu chake, akarudi barazani kwa miguu, polepole, na sisi wote na mkeka wetu tumesimama kwenye muhogo.

Nilijua. Hilo ndilo linaniua. Mtoto wa kwetu anajua kabla hajajua kufunga kaptula: nyumba ni ya aliyewasha moto wa kwanza. Wengine wote baada yake ni wageni. Katekista anajua. Dada anajua. Lakini baada ya wiki zote zile za miti na udongo niliona ni kazi. Sikuona kama ni nyumba ya mtu. Wote hatukuona. Tulisikia baridi tu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kelele kila upande. Vijana wanasema ni ushirikina, mama akohoe barazani kwa ajili ya jivu? Katekista kaenda kumwambia nyumba itabarikiwa kwa maji ya baraka. Akamjibu kwamba baraka anaitaka na ubatizo anao, lakini ugenini amekaa vya kutosha.

Nyamboge ndiye kamtoa maneno yote. Mumewe alipofariki, tanga lilipoondolewa, moto wa msiba ukazimwa kama kawaida. Asubuhi Bibi alikwenda kuchota maji. Aliporudi akakuta shemeji yake Wambura kachuchumaa jikoni kwake, kawasha. Hakusema kitu, kawasha tu. Kuanzia siku ile alikuwa mgeni kwenye mafiga yake mwenyewe. Akavumilia ugeni mpaka ukamshinda.

Na mimi nimemfanyia hivyo hivyo, kwa furu na sato.

Sikula leo.

Alhamisi, 16 Oktoba

Buswahili. Mimi, Nyamboge na Masatu. Wazee wa kanisani wamesema inaweza kutengenezeka: jivu letu litolewe lote, mafiga yaoshwe, moto mpya uletwe kutoka jiko lake la zamani kwa mkono wa mtu wa mji ule. Basi tukaenda kuomba moto. Lori la pamba mpaka njia panda, halafu miguu. Jua. Goti.

Wambura ni mzee mnene, anavua miwani kila akitaka kusema. "Karibuni. Nani amekufa?" Tukamweleza. Nikaeleza vizuri sana, nikatia na habari ya ukoo wetu, ng'ombe wa babu, mto uliogeuzwa njia na ng'ombe wale wakinywa. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Moto wa hapa hautoki," akasema. "Ukitoka, kesho atafuata na shamba. Kiberiti kimejaa madukani siku hizi, nunueni." Halafu akavua miwani tena. "Na wewe msemaji. Moshi wako unatoka wapi?"

Kwetu hivyo ndivyo mtu anaulizwa anakaa wapi. Nikasema Musoma. Akauliza Musoma wapi. Nikasema Musoma mjini, sehemu nyingi. Nyamboge akatazama kuku.

Tukarudi mikono mitupu. Lori lilipita karibu na kwa baba, upande wa Butiama. Nilimwonyesha Masatu. Hakuna kitu pale sasa, minyaa tu na mbuzi wa watu. Nikamwambia nyumba ilikuwa kubwa hata mwangwi ulichelewa kurudi. Hakutania. Alisema tu, "Sawa, Mjomba."

Jumatatu, 20 Oktoba

Mvua tangu juzi. Baraza linapigwa na upepo upande wote wa ziwa. Bibi anakohoa kikohozi cha chini. Uji anachota kidogo, anaacha. Mfanyabiashara ameshaleta marobota ya mitumba. Si mtu mbaya. Kampa chai na turubai la kujifunika. Lakini anafungua Jumatatu ijayo, na kasema hawezi kufungua duka na mtu amelala mlangoni.

Nyumba ipo Bweri, kavu, tupu, imefungwa kwa kamba. Kila mtu anapita anaitazama. Mimi napita njia nyingine.

Jumatano, 22 Oktoba

Bibi Nyakwesi kaniita. Mimi peke yangu. Nilikwenda na maneno mengi tayari. Sikupata nafasi.

Kaniuliza, "Uliwasha kwa njaa au kwa majivuno?"

Nikasema baridi. Akanitazama. Nikasema na majivuno kidogo.

"Mama yako yupo?"

Alifariki zamani.

"Una mji?"

Nikaanza kusema kuhusu mipango. Akaninyamazisha kwa mkono. Akasema nyumba ile ina mwenyewe, hilo halifutiki kwa maji ya baraka wala kwa moto wa Wambura, na yeye hawezi kuwa mgeni tena kwa mtu. Lakini mama akiingia kwa mwanawe haingii ugenini. Basi niingie kwenye nyumba yangu, niwashe tena, nilale humo, jivu lisipoe. Yeye atakuja kwa mwanawe. Nikikubali nikubali yote: kuni, maji, kumuuguza, na siku yake ikifika kunyoa nywele na kumzika kama mtoto. Nikikataa, niseme tu, hana kinyongo.

Nikasema nitafikiri, nina shughuli nyingi.

Shughuli zipi? Nimerudi stoo nikakaa juu ya gunia la mkaa. Naogopa. Mtu mwenye mji ana kitu cha kuharibu. Mimi kwa dada siharibu kitu, naudhi tu. Na yule mama anajua kuuliza. Kwake siwezi kumaliza hata habari moja ya uongo.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nilimweleza Katekista kwa siri. Mchana mji mzima ukajua.

Masatu kanikuta sokoni, mitumba begani. Hakucheka. "Hongera Mjomba. Si ulisema mila zote unazo kichwani? Kisorya mpaka Tarime? Basi ulijua. Umetukanyagisha udongo, halafu ukawasha nyumba iwe yako." Wenzake walikuwa nyuma yake, wale wale waliorusha matita.

Nilitaka kumpiga kofi. Nilitaka kumwambia kitu kikubwa. Kila nililokuwa nikilitafuta kichwani lilikuwa linamsaidia yeye. Nilisema sana mwezi wa tisa. Sasa maneno yamerudi yamenizunguka.

Bora nikatae. Nikatae niwe msafi. Na yeye afe barazani nikiwa msafi.

Nimechoka na watu. Nimechoka na mimi.

Ijumaa, 24 Oktoba

Kikao kanisani. Mvua inapiga bati, kila mtu anasema kwa kelele. Katekista akaniuliza mbele ya wote: ulijua au hukujua?

Nilisimama. Walikuwa wanangoja niwape hadithi. Niliiona kabisa machoni mwao, hata wale wenye hasira. Nilikuwa nayo moja tayari, yenye babu ndani.

Nikasema nilijua na nikasahau. Nilisikia baridi, nikawasha. Basi. Nikakaa.

Kimya kirefu. Mara hii sikukijaza.

Dada Nyangeta ndiye akasimama. Akasema, "Mwanamume aliyepanga hila kubwa namna hiyo lazima awe na akili ya kupanga. Huyu ni ndugu yangu, nimelala naye kitanda kimoja utotoni. Hana." Watu wakaanza kucheka, mmoja mmoja. Akasema kiwanja ni chake na anamtolea Bibi, Bwire atakaa kama mtoto wa Bibi, na Bibi asipokuwepo kiwanja kitakuwa cha kikundi, na atajengewa mwingine asiye na pa kulala. Nyamboge akaandika. Wote wakakubali, hata mimi, ingawa mimi hakuna aliyeniuliza.

Nje Masatu alinifuata. Akavuta pumzi. "Lakini Mjomba, kweli una kichwa kibovu." Nikamwambia hicho kichwa kibovu kiliona shati jekundu Kisorya. Akasema, "Vifungo sita." Akachukua ncha moja ya benchi tulilokuwa tunarudisha, mimi ncha nyingine.

Jumapili, 26 Oktoba

Nilikwenda mapema, peke yangu. Nikafagia lile jivu letu, nikalitupa chini ya muhogo. Nikaosha mafiga. Kiberiti nilikuwa nacho, kikavu. Njiti ya kwanza ikazimika. Na ya pili. Mimi niliyevuka ziwa. Ya tatu ikashika.

Halafu nikakaa nikangoja, kama mwenye nyumba. Sikujua mikono niiweke wapi.

Walikuja bila nyimbo, mvua ya manyunyu. Kina mama, Nyamboge na mkeka, Masatu kabeba gunia. Bibi kasimama mlangoni. Nikasema, "Karibu, mama." Sauti ikatoka ndogo. Akasema, "Nimeingia kwa mwanangu," akainama, akapita, akateleka chungu chake kwenye mafiga kama aliyeacha kupika jana. Akaona moto ni mdogo. Akasema hivyo.

Katekista kasali. Wakaondoka wote. Tumebaki.

Jumanne, 28 Oktoba

Kuni zimelowa. Moshi tele. Anakohoa, lakini ni kikohozi cha moshi, kinaisha. Ananituma kama mtoto wa darasa la kwanza. Kasema kuta zangu zimepinda, atazikandika upya mwenyewe kiangazi. Kasema nakoroma.

Paa linavuja upande wangu tu. Sijui ilikuwaje.

Jumapili, 2 Novemba

Jana tulipeleka uji kama kawaida, sasa mwaloni kwa wapagazi. Nimebeba sufuria mimi. Nilitua njiani mara moja. Masatu aliona.

Duka limefunguliwa. Sabuni zimepangwa hadi juu. Baraza safi.

Bibi amekula vizuri leo. Sato wa kuchemsha, chumvi kidogo. Kaniomba nimsimulie ile nyumba ya Bunda. Nikaanza, nikafika kwa yule fundi na kofia yake. Akaniuliza, "Na wewe ulikuwa unafanya nini?" Nikasema nachota maji. Akasema basi leo ndoo ipo tupu pale.

Nikaenda. Jioni imetulia, mvua imekata. Niliporudi kutoka kisimani, kule kwenye njia inayopanda, niliinua kichwa. Moshi ulikuwa unatoka kwenye nyasi za paa letu. Mdogo, umelala kuelekea ziwani. Nikasimama nao kidogo na ndoo mkononi, sikujisikia kusema kitu kwa mtu.

Ndoo ikawa nzito. Nikaingia ndani.